Wauza saa used, kufungua mfuniko tu mnagoma nini?

Jamani hawa wauza Rolex za mtumba wananikera sana. Mtu nimejichanga nipate saa yangu ya kwanza ya maana, nauliza namba ya siriali iko wapi naambiwa "bro we angalia inavyowaka". Kuwaka! Ikiwaka sana ndo mbaya, imepigwa polishi mpaka kona za bodi zimelainika na chuma kikishaliwa hakirudi tena. Kwenye saa za zamani namba inakaa ubavuni upande wa 6, pale mkanda unapoingilia, na hizi mpya imechongwa kwenye pete ya ndani chini ya kioo, sasa kutoa mkanda ni kazi ya dakika chache, unaficha nini? Halafu eti "boksi na kadi ya waranti vipo", hivyo navyo si vinafojiwa! Mi nataka fundi afungue mfuniko wa nyuma nione mashine, nijue na sevisi ilifanyika lini maana sevisi yenyewe hela ndefu. Ukisema hivyo wananuna, wanakuita msumbufu. Hela yangu hii, nimeitolea jasho, kama hutaki ifunguliwe baki nayo.