Nundu Namba 46

Kazi yangu ni kunyoa. Kibanda changu kiko Nkuhungu, Dodoma, na Jumamosi moja tu vichwa thelathini vinapita mikononi mwangu: vya mviringo, vya yai, vya kisogo kirefu, na kimoja cha jirani yangu ambacho hadi leo sijajua pa kuanzia. Nalisema hili mapema ili tukifika kwenye habari ya helmeti mjue kwamba sina pa kujificha.

Mambo yalianzia kibanda umiza. Mpira uliisha, mwenye kibanda akaenda kujisaidia bila kubadilisha chaneli, zikaingia mbio za pikipiki, zile za MotoGP. Watu wanalala na kona mpaka goti linasugua lami, halafu wanainuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulikuwa saba mle ndani, wote wa kijiwe kimoja. Tulipotoka, kila mmoja alikuwa ameshakuwa mwanamashindano. Tukapanga hapohapo: Jumapili ya Oktoba, kwenye korongo kavu upande wa Hombolo, mizunguko mitano, kila mtu atoe elfu kumi, mshindi aondoke na beberu.

Wenzangu wakaenda kusafisha plagi na kubadilisha oili. Mimi nikaenda mitumbani.

Pale Sabasaba nilikuta belo la makoti ndiyo kwanza limefunguliwa, na juu ya lundo, imelala kama mtu aliyezimia, suti ya ngozi. Nzima, kutoka shingoni hadi kifundoni, nyeusi kwa njano. Magotini ina vipande vya plastiki ngumu. Mgongoni, chini kidogo ya shingo, ina nundu.

"Hizi plastiki za nini?" nikamuuliza muuzaji.

"Za kusalia, kaka. Wale jamaa wa mbio wanasali sana."

Nikafikiria kona nilizoziona, nikaona ana hoja.

"Na hii nundu?"

"Ya kuwekea chakula."

Tulianzia laki moja na nusu, tukafika 85,000, nikaondoka nikiona nimemwibia. Na kwa haki ya Mungu, suti yenyewe ilikuwa ya maana. Ngozi halisi ya ng'ombe, mishono imerudiwa, na ndani ya viwiko na mabega mna vikinga vyenye namba EN 1621-1, ambayo baadaye nilikuja kujua ni kipimo cha Ulaya cha vitu vya kukinga viungo. Aliyeivaa mwanzo alikuwa mtu makini. Alikuwa pia mfupi kuliko mimi, lakini hilo nilikuwa bado sijalijua.

Mfukoni nikabaki na 15,000 za helmeti, ambayo kijiweni kwetu tunaiita elementi. Kijana mmoja alikuwa amezipanga barabarani kama matikiti. Nikachukua nyekundu.

"Hii ina kiwango?"

Akatoa karatasi ya stika mfukoni, akabandua moja iliyoandikwa DOT, alama ya kiwango cha Marekani, akaibandika kisogoni mwa helmeti, akaipitishia kidole gumba.

"Sasa hivi inacho."

Nikalipa. Sikuivaa, sikuipima, sikuitikisa. Mtu ninayelishwa na vichwa vya watu.

Nyumbani mama watoto alizunguka ile suti mara mbili. "Hiki nini?"

"Ngozi."

"Kwani yako ina tatizo gani?"

Nikaona nimpelekee mtu anayejua. Fundi wetu ni mzee aliyeendesha pikipiki za miradi huko Kondoa enzi ambazo barabara ilikuwa ni makubaliano tu kati ya dereva na mbuzi. Niliitandaza suti kwenye benchi lake nikisubiri sifa. Aliigeuza, akaibinya viwiko, akanusa mishono.

"Nzuri sana hii," akasema. "Sasa utaivaa wapi?"

"Korongoni, mzee wangu. Jumapili."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyenunua mtumbwi akaupeleka Manyoni. Akanieleza kwamba suti ile ni ya lami. Lami inakwangua, ukianguka kwa kasi unateleza mbali, na ngozi ya ng'ombe inaliwa badala ya yako. Mchanga haukwangui hivyo, mchanga unavunja: gurudumu linazama, wewe unabaki na mguu chini ya chuma. Korongoni mtu anataka buti ndefu hadi karibu na goti, kikinga cha kifua, cha magoti, miwani ya vumbi, na juu shati jepesi apate hewa. Plastiki za magotini ni za kugusisha lami kwenye kona ili ujue umelala kiasi gani. Nundu inatuliza upepo nyuma ya helmeti mtu akiwa amejilaza juu ya tangi kwa kilomita mia tatu kwa saa.

"Hiyo pikipiki yako ya Boxer inafika ngapi?"

"Mteremko wa Kibaigwa niliwahi kuona tisini."

"Basi upepo wa Dodoma ndio unaokupita wewe. Nundu ingevaliwa na upepo."

Halafu akaichukua helmeti. Hapo uso wake ukabadilika, utani ukaisha. Akaniambia stika ya DOT hata yeye anaweza kuichapisha. Nitafute herufi E ndani ya duara, alama ya kiwango cha Umoja wa Mataifa, kwenye kitambaa kilichoshonwa kwenye kamba ya kidevuni, na namba inayoanzia 05 au 06. Tukatafuta. Kwenye kamba yangu palikuwa na uzi mmoja uliofumuka. Akanivalisha, akafunga kamba, akasema nitikise kichwa. Nikatikisa. Kichwa kilikwenda Singida na kurudi, helmeti ikabaki inatazama Morogoro.

"Inayokukaa vizuri inavuta na ngozi ya paji la uso," akasema. "Sasa inama."

Nikainama. Akaishika kwa nyuma, akaivuta kuja mbele. Ikatoka na kamba yake ikiwa imefungwa vilevile, kama unavyomenya yai.

Mtu mwenye akili angerudi barabarani kuidai elfu kumi na tano yake. Mimi nilikwenda kununua sponji la kuoshea vyombo nikalichomeka kisogoni, kisha nikabandika mgongoni mwa suti, juu kabisa ya nundu, namba 46. Ni ya Valentino Rossi, yule Mwitaliano wa MotoGP aliyestaafu mwaka 2021 na mataji yake 9 ya dunia. Sikuona kwamba kuna tatizo lolote kati yake na mimi.

Jumapili ikafika, na jua la Oktoba mnalijua, lile linalokukuta hata chini ya mbuyu. Nilikunywa maji chupa mbili na kikombe kikubwa cha togwa ili nisikauke. Kumbukeni hayo maji. Kuingia ndani ya suti kulihitaji vijana wawili na kopo la poda ya mtoto. Mmoja ananivuta, mwingine ananisukuma kwa goti. Zipu ilipofika shingoni nikajaribu kusimama wima. Haikuwezekana. Suti za mbio hukatwa kwa umbo la mtu aliyejikunja juu ya tangi, na ukichanganya na ufupi wa yule marehemu mwenye nayo (kama si marehemu anisamehe), nikawa nimepinda kama mtu anayetafuta shilingi mia iliyomdondoka.

Basi nikatembea hivyo kuelekea mstarini, mikono inaning'inia, nundu juu, nyayo zinaburuta. Wazee wa pale kijijini walikuwa wamekaa kivulini na fimbo zao.

"Mbukwenyi," wakatusalimia.

Nikawapa shikamoo. Mmoja wao akainuka, akaja taratibu, akanizunguka. Akaweka kiganja juu ya nundu, akaibonyeza, akapapasa ngozi ya bega kwa kidole na gumba.

"Ng'ombe huyu," akawaambia wenzake, akimaanisha ngozi. Halafu akainama kusoma ile 46. "Na chapa ameshapigwa."

Watoto waliokuwa wanachunga ndama wakaacha ndama, wakaanza kunichunga mimi.

Bendera ilikuwa kanga. Iliposhuka, wenzangu sita waliondoka na vumbi jekundu, nami nikaondoka na vumbi lao. Tairi za Boxer ni za barabarani, zinateleza mchangani kama ulimi kwenye mlenda. Usukani ulikuwa unaamua mambo yake. Sikufika hata mita mia. Tuta la kwanza, helmeti ikashuka hadi puani. Tuta la pili, sponji likachomoka, helmeti ikageuka robo mzunguko, nikawa naitazama dunia kupitia pengo la sikioni. Tuta la tatu ikamalizia kugeuka. Giza. Giza lenye harufu ya sabuni ya vyombo.

Najua mnachosema: si ungefunga breki? Jaribuni kukumbuka breki mkiwa ndani ya ndoo. Nilikuwa naendesha kwa kusikiliza watu. Nusu yao wanapiga kelele "Kushoto!" na nusu "Kulia!", na sauti moja ya bibi kizee juu ya zote: "Ng'ombe zangu!"

Pikipiki ilipanda ukingo wa korongo, ikakata shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, ikagonga ua wa miiba wa zizi. Yenyewe ikabaki nje. Mimi nikaendelea.

Helmeti ilinitangulia. Ilitoka kichwani angani, na kamba imefungwa, kama fundi alivyonionyesha, ikaenda kujipiga kwenye nguzo ya lango ikapasuka vipande viwili kama kibuyu. Ndani mlikuwa na povu jeupe jembamba kama chapati ya jana, lile la kufungashia runinga. Mwili wangu ulipita kwenye miiba ya mgunga, miiba mirefu ya kutoboa tairi ya trekta, na hakuna hata mmoja ulionigusa. Magoti niliyoyapa plastiki, viwiko vya EN 1621-1, yote salama salimini. Na kichwa, ambacho nilikuwa nimekivalisha kama boga, kikatua kwenye rundo la samadi mbichi ya asubuhi ileile.

Nililala pale. Nikasikia pumzi ya moto shingoni. Dume moja kubwa la kienyeji lilikuwa limenisogelea, likanusa nundu yangu, likaitazama ya kwake, likarudi nyuma hatua mbili kwa heshima.

Fundi alifika wa kwanza. Alinipapasa shingo, akanihesabisha vidole, akaniuliza leo siku gani. Aliporidhika akaokota vipande vya helmeti, akakaa kwenye jiwe, akacheka mpaka akavua miwani. Alisema kazi ya povu la helmeti ni kuminyika ili kichwa kisisimame ghafla, na samadi imeifanya kazi hiyohiyo bila stika yoyote. Akaongeza kwamba, kama ilivyo kwa povu, ikishapokea kichwa mara moja haitumiki tena.

Sasa yale maji. Na ile togwa.

"Nivueni," nikasema.

Zipu ilikuwa imejaa mchanga. Ilishuka vidole viwili ikagoma. Wakavuta watu wawili, watatu, mmoja kanikanyaga tumboni ili apate nguvu, jambo ambalo kwa hali yangu lilikuwa hatari kwa wote waliokuwepo. Bibi mwenye zizi akaja na kisu cha kuchinjia.

"Mjukuu wangu, nikuchune?"

"Hapana, bibi! Elfu themanini na tano hiyo!"

"Basi jikojolee, ni bure."

Alikwenda ndani, akarudi na mafuta ya alizeti kwenye chupa ya soda, akayamimina juu ya zipu kama anayekaanga. Zipu ikashuka yote kwa mkupuo, fyuu, hadi chini. Na mimi nikatoka kama ndama anavyotoka, nimelowa jasho, poda na alizeti, mbele ya kijiji kizima. Nikabaki na boksa mbili: moja imelala ukingoni gurudumu linazunguka, nyingine ndiyo iliyonisitiri nikikimbilia mbuyuni.

Beberu alichukuliwa na yule aliyekimbia na jezi ya mpira na gambuti.

Bibi hakutaka pesa yangu, alitaka ua wake kabla ya giza. "Ng'ombe wakitoka usiku wakaliwa na fisi, nitakudai wewe na nundu yako." Nikachukua panga, nikaanza kukata matawi ya mgunga, na dakika ya pili nilikuwa navuja damu mikono yote. Nikaangalia ile suti pale chini. Nikairudia. Safari hii zipu niliiacha wazi. Nilikumbatia miiba kama mtoto anavyokumbatia mto, nikaiburuta, nikaikanyaga kwa magoti ya kusalia. Hata kule kupinda kulifaa, maana mkata miiba huwa ameinama siku nzima. Wale wazee walihamisha viti vyao ili waone vizuri.

Helmeti nimenunua nyingine. Nilijipima mwenyewe kibandani kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi: sentimita 58. Inavuta ngozi ya paji, ina ile E yake, na nimeilipia kwa awamu tatu. Mbio nimeacha.

Suti sijaiuza. Yule mzee aliyenipapasa nundu alikuja hadi Nkuhungu kuiazima, akaikuta inamkaa sawasawa. Urefu wake na wa yule Mzungu aliyeivaa mwanzo ni mmoja. Tangu hapo inaenda Hombolo kila panapojengwa zizi, shilingi 2,000 kwa siku, na inarudi na harufu yake. Mara ya mwisho ilichelewa kurudi. Nasikia mzee aliivaa akapitiliza nayo hadi mnada wa mifugo wa Msalato, na kabla hajafika kwenye nyama choma, kuna mtu alikuwa ameshamtajia bei.