Sweta la Memorial

Ninaishi Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio huko Marekani, na ningependa ieleweke tangu mwanzo kwamba sikuja huku kuharibu timu ya mtu. Nilifika mwezi wa Septemba mwaka 2021 nikiwa na mke, mtoto mmoja, mabegi mawili na sweta zito la buluu lenye kofia, ambalo nililinunua katika soko la mitumba la Memorial pale Moshi baada ya kuvutana bei na muuzaji kwa nusu saa nzima. Kifuani lilikuwa na herufi M kubwa ya manjano, nami kwa akili zangu zote niliamini kwamba M ile ni ya Moshi, nikaona fahari kwenda ughaibuni nikiwa nimeuvaa mji wangu.

Baridi ya kweli ilinikuta Novemba, siku ya Jumatatu, nikiwa zamu ya asubuhi katika ghala ninalofanyia kazi ya kupanga maboksi. Niliingia na sweta langu, nikasalimia, na hakuna aliyeitikia. Dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo aliizima katikati ya njia. Msimamizi wetu, mzee mpole ambaye kila asubuhi huniuliza habari za mwanangu, alikitazama kifua changu kama mtu aliyefunua shuka akakuta nyoka. Aliyeniokoa ni jamaa mmoja wa Bukavu, aliyenitangulia huku kwa miaka kumi na kwa hiyo ni Mmarekani kuwazidi Wamarekani wenyewe, alinivuta hadi nyuma ya rundo la maboksi na kuninong'oneza, "Ndugu yangu, nani amekutuma?"

Ndipo nikafundishwa kwamba ile M ni ya Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoko Ann Arbor, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, na kwamba chuo hicho na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio vilianza kupambana katika futiboli ya Kimarekani mwaka 1897, na tangu 1918 havijakosa kukutana hata mwaka mmoja isipokuwa 2020, Uviko ulipoingilia kati. Nilikuwa nimedhani kwamba mpira wa vyuo ni jambo la wanafunzi na walimu wao. Chuo nilichosoma mimi, fainali ilitazamwa na wachezaji wa akiba pamoja na mbuzi wa jirani, lakini uwanja wa hapa, uliofunguliwa mwaka 1922, unaingiza watu zaidi ya laki moja, na ule wa Michigan una nafasi 107,601. Uhasama wenyewe ni mkongwe kuliko huo mpira, kwa kuwa mwaka 1835, Michigan ikiwa haijawa jimbo, pande hizi mbili zilikusanya wanamgambo kugombea kipande cha ardhi penye mji wa Toledo. Jamaa wa Bukavu husimulia mgogoro huo kama mtu aliyebeba bunduki.

Jina la Michigan halitamkwi hapa. Woody Hayes, aliyekuwa kocha kuanzia 1951 hadi 1978, aliwaita watani wake timu ya kule kaskazini, na desturi hiyo imebaki. Wiki ya mechi, herufi M katika mabango ya chuo hubandikwa alama nyekundu ya X, na homa hiyo huvuka uzio wa chuo hadi makazini kwetu, ambako tepu nyekundu ilibandikwa kwenye mlango wa choo cha wanaume, kwenye Jumatatu ya kalenda, ambayo kwa Kiingereza huanza na herufi hiyo, na hatimaye kwenye kitambulisho changu, kwa kuwa jina langu la ukoo nalo linaanza hivyo hivyo. Nilijaribu kuwaeleza kwamba Mchaga hanyang'anywi M. Mushi, Massawe, Mosha, Minja na Mlay wakivuliwa herufi hiyo, kanisani Jumapili hapatapatikana wa kusoma matangazo; na Kiswahili chenyewe kikinyimwa M hakibaki na mtu, mke, mtoto wala mpira. Walinisikiliza kwa heshima zote, kisha wakaibonyeza tepu vizuri ili isibanduke.

Jumamosi ile Michigan ilishinda 42 kwa 27. Sasa zingatia, msomaji, kwamba Ohio haikuwa imefungwa na Michigan tangu mwaka 2011. Miaka kumi wamekaa salama, ananyanyuka mtu Moshi na sweta lake, na wiki ya kwanza anayolivaa mambo yanaharibika. Mwaka 2022 wakafungwa 45 kwa 23, tena nyumbani. Mwaka 2023 wakafungwa 30 kwa 24. Kwetu mtu kama huyo huitwa nuksi, na nilishangaa kugundua kwamba Wamarekani, pamoja na sayansi yao yote, wanalijua jambo hilo vizuri ingawa hawana neno lake.

Walinitafutia dawa. Msimamizi aliniletea fulana nyekundu ya timu, nikaikataa, jambo lililozidisha shaka. Ningewaelezaje? Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga niliyerithishwa na baba, na katika nyumba yetu nyekundu ni rangi ya Simba, haivaliwi hata kwenye foleni ya damu. Nguo nyekundu niliyo nayo ni moja tu, suruali ya kulalia aliyoninunulia mke wangu palepale Memorial, nami huivaa taa ikishazimwa. Hivyo nikabaki mtu wa ajabu katika mji mzima wa wekundu: siwezi kuvaa rangi yao kwa sababu ya Jangwani, makao ya Yanga, wala siwezi kuvaa sweta langu kwa sababu ya Ann Arbor.

Nikiri kwamba lawama zote si zangu peke yangu, kwa maana Jumamosi hugawana na watangazaji. Mfikirie Kirk Herbstreit wa runinga ya ESPN. Ni mzaliwa wa Ohio, aliichezea timu hii, na baba yake aliichezea kabla yake. Ungetarajia mtoto kama huyo achinjiwe mbuzi kila arudipo. Badala yake, mwaka 2011 alihamisha familia yake kwenda Nashville na kueleza wazi kwamba maneno ya baadhi ya mashabiki wa hapa yalikuwa yamemchosha. Kosa lake ni kwamba akikaa mbele ya kipaza sauti hutaka kusema kweli. "Anatuponda ili asionekane ana upendeleo," jamaa wa Bukavu hunieleza, ilhali binamu wa mke wangu anayeishi Detroit, jimboni Michigan, huapa kwamba kule kwao mtu huyohuyo anahesabiwa kuwa msemaji wa Ohio.

Halafu yupo Gus Johnson wa runinga ya Fox, mwenye sauti inayopanda kadiri mchezaji anavyokimbia, hadi unaanza kuuhofia mshipa wake wa shingo. Huyo alizaliwa Detroit, na kwa wenzangu ushahidi umekamilika. Msimamizi alinikalisha wakati wa chakula, akanionyesha kwenye simu yake vipande viwili vya mechi, kimoja Ohio wakifunga na kingine Michigan wakifunga, akinitaka nikiri kwamba katika kile cha pili mtangazaji alifurahi zaidi. Mimi nilisikia mtu akipiga kelele mara mbili. Nikasema hivyo, na chai yangu ikapoa nikiwa nimeelekezwa mahali hasa ambapo furaha ilizidi.

Fox pia hupenda kuzipanga mechi kubwa saa sita mchana, na hilo huwaudhi kuliko kufungwa. Wanaochoma nyama kwenye maegesho ya magari kabla ya mchezo hulazimika kuwasha majiko asubuhi mapema, na bia ya alfajiri, wanasema, haina heshima. Usidhani ni maneno ya vijiweni tu: mwaka 2025 mjumbe mmoja wa bunge la jimbo alipeleka muswada wa kuzuia mechi za timu hii kuanza kabla ya saa tisa na nusu alasiri, isipokuwa ile ya Michigan, ambayo ni ya saa sita kwa mila na haiguswi.

Mwaka 2024 ndio ulionifikisha ukingoni. Mechi ilikuwa hapa Columbus, Michigan walikuwa na msimu mbovu, na hakuna mchambuzi aliyewapa nafasi. Sweta langu lilikuwa sandukuni, naapa. Wakashinda 13 kwa 10, wakataka kuisimika bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikarushwa, na polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Jumatatu yake kila mtu ghalani alitaka kocha Ryan Day afukuzwe kabla ya chakula cha mchana. Mwezi na nusu baadaye, tarehe 20 Januari 2025, kocha huyohuyo aliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Notre Dame 34 kwa 23 mjini Atlanta na kutwaa ubingwa wa taifa zima. Nikaenda kazini nikitarajia vifijo. Walifurahi kweli, hadi kama saa nne hivi, ndipo dereva wa ile mashine alipouma mkate wake na kusema, bila kumlenga mtu, "Lakini kaskazini hatujawafunga." Wote wakanigeukia mimi.

Mama Neema ndiye aliyeamua. "Baba Neema," akasema, "kazi ikiondoka kwa sababu ya sweta utawaeleza nini wazee?" Oktoba mwaka 2025 tukalifungasha katika kifurushi pamoja na viatu vya watoto na sabuni, tukamtumia mdogo wangu aliyeko Kibosho. Alipolipokea alinipigia simu akicheka, "Kaka, hili si lile la Memorial? Umelipeleka Marekani kulifua?"

Tarehe 29 Novemba ikafika. Saa mbili usiku kwa saa za nyumbani, mchezo ukiwa ndio unaanza Ann Arbor, iliingia picha kwenye simu yangu: mdogo wangu, ndizi choma mkononi, M kubwa kifuani. Nilimwandikia alivue upesi. Akauliza kwa nini, na huko kwao usiku ni baridi. Nilimwandikia tena, kwa ukali ambao sijautumia kwake tangu alipoipoteza baiskeli ya baba, na nikagundua kwamba nimesimama juu ya kochi. Hakujibu, lakini nadhani alilivua, kwa sababu Ohio walishinda 27 kwa 9. Jumatatu msimamizi alinikumbatia, na tepu ikabanduliwa kwenye jina langu baada ya miaka minne.

Nikawa mtu kwa siku tano. Jumamosi iliyofuata, tarehe 6 Desemba, walikwenda Indianapolis kucheza na Chuo Kikuu cha Indiana (Indiana University), ambacho kwa miaka mingi watu wa hapa walikihesabu kuwa mechi ya mazoezi, wakafungwa 13 kwa 10. Usiku uleule jamaa wa Bukavu alinipigia simu. Hakusalimia. "Ndugu yangu," akasema, "niambie ukweli mbele ya Mungu: kule Memorial ulinunua nini kingine?"

Nikamwambia sikununua kitu. Kisha nikawasha taa ya chumbani, nikaivuta ile suruali ya kulalia chini ya mto, na kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe nikaisoma vizuri: pajani, zimefifia lakini zinaonekana, herufi mbili zilizopandana, I na U.