Mkichangia Kisu, Changieni na Mazoezi

Nilikuwa bado wodini, mguu umefungwa bandeji kama gogo, ujumbe ukaingia kwenye grupu la michango: "Ndugu zangu, operesheni ya dada yetu imekwenda salama. Tunamshukuru Mungu. Kamati imemaliza kazi yake, grupu litafungwa leo saa 2 usiku." Zikamiminika amina na vikatuni vya mikono iliyofumbatana mpaka nikachoka kusoma. Na saa 2 kweli likafungwa. Kwenye kamati za harusi sijawahi kuona nidhamu ya namna hiyo.

Niseme mapema kabla baba mdogo hajanipigia simu: bila ile kamati ningekuwa naburuza mguu hadi leo. Nimekula hela za watu na nawashukuru. Lakini sisi tuna ugonjwa mmoja. Tunaamini operesheni ndiyo tiba. Mtu akishatoka chumba cha upasuaji anapumua, kazi imekwisha, tugeukie msiba unaofuata.

Mimi niliumia kwenye netiboli, bonanza la walimu. Nilidaka pasi hewani nikatua na mguu mmoja. Wanaoujua mchezo wanajua ukishashika mpira huruhusiwi kukimbia nao, kwa hiyo mwili unasimama ghafla. Mwili wangu ukasimama, goti likaendelea na safari yake. Aliyekuwa ananikaba alisikia mlio na hakuwa amenigusa hata nguo. Hapo ndipo shangazi yangu alipopata la kusema: "Hujaguswa na mtu, ukaanguka? Mwanangu, hiyo si bure." Ukweli ni kwamba ile kano ya mbele ndani ya goti mara nyingi hukatika hivyohivyo, bila kuguswa na mtu, na wanawake tunaocheza michezo ya kuruka na kugeuka ghafla tunaikata kuliko wanaume. Nenda wewe ukamweleze shangazi.

Sasa nisikilizeni kwenye hili, maana ndilo linalonikera. Daktari bingwa alitoa kano nyuma ya paja langu mwenyewe, akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa mfupani, akaifunga. Kazi safi, makovu madogo, sina lawama. Lakini kano iliyohamishwa haina damu yake. Mwili unaanza upya kuipelekea damu na kuijenga iwe ya goti, na katika kujengwa huko inalegea kwanza ndipo ikomae. Maana yake ule mwezi wa pili na wa tatu, umeacha magongo, unatembea vizuri, majirani wanakupigia makofi, ndio kipindi ambacho kano imedhoofika kuliko siku ilipowekwa. Kukomaa kabisa ni habari ya mwaka na zaidi. Kwenye karatasi yangu ya kutoka hospitali kulikuwa na dawa za maumivu, tarehe ya kutoa nyuzi, na chini kabisa, kwa mwandiko ule wao, "mazoezi tiba". Basi. Maneno mawili kwa kazi ya mwaka mzima.

Halafu paja. Hakuna aliyeniandaa kwa paja. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi tiba, kijana mpole anayeniita mwalimu, aliviringisha kitaulo akakiweka chini ya goti, akagusa kwa kidole juu kidogo ya kilegesambwa: "Bana hapa, mwalimu. Kandamiza kitaulo." Nikabana. Nilibana meno, nikabana ngumi, nikabana na makalio. Msuli wa paja ukalala palepale kama hakuna aliyeuambia kitu. Goti likivimba, msuli huo hujizima, wala si uvivu wa mtu. Nililia pale kitandani, mtu mzima mwenye kuogopewa na kidato cha nne kizima. Siku ulipotikisika, kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, yule kijana alifurahi kuliko mimi.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Inafanyika wiki hadi wiki, kwa hela, na hela hiyo haina kamati. Kila unapokwenda kuna malipo ya fizio. Kuna bajaji kwenda na kurudi, kwa sababu daladala la asubuhi konda hakuulizi goti lako lina mwezi wa ngapi, na bodaboda huwezi kulikunja goti ukakaa. Kuna barafu kila jioni. Siku barafu za jirani zilipoisha nilifunga barafu za ubuyu, nikaamka na shuka jekundu, wifi akidhani nyuzi zimeachia. Kuna kiti cha plastiki ulichomlipa fundi akitoboe katikati, maana choo cha kuchuchumaa kwa goti lisilokunja ni mtihani wa taifa. Nilipothubutu kuuliza kama kamati inaweza kufunguliwa tena kidogo, jibu lilikuwa: "Mchango wa nini tena, si umepona?" Ni kama tulichangishana vizuri sana kununua gari, mafuta kila mtu akaangalia pembeni.

Anayeona nakuza mambo atazame Sweden. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa huko, wa vijana 121 waliokatika kano hii. Kundi moja lilifanyiwa operesheni mapema na kupewa mazoezi. La pili lilianza na mazoezi, operesheni ikabaki akiba kwa atakayeihitaji. Baada ya miaka miwili hali za magoti yao hazikuwa na tofauti ya maana, na zaidi ya nusu ya kundi la pili hawakuwa wamepita chini ya kisu. Simaanishi operesheni yangu ilikuwa bure. Goti langu lilikuwa linaachia hata kwenye ngazi, nilihitaji. Lakini mnaona wenyewe kipi kati ya hivyo viwili tunakiita nyongeza.

Kisha kuna "bado tu?" Hilo swali nalipata kanisani, sokoni, ofisi ya walimu. Mwaka 2016 watafiti wa Oslo na Delaware walionyesha kwamba kila mwezi unaochelewa kurudi kwenye michezo ya aina hii, hadi mwezi wa 9, unapunguza hatari ya kuumia upya kwa karibu nusu. Kwa hiyo ndiyo, bado. Na nitachelewa kwa makusudi.

Mdogo wangu yeye hunitumia video za Ronaldo, yule wa Brazili, eti nijipe moyo. Tarehe 12 Aprili 2000 alirudi uwanjani dhidi ya Lazio baada ya operesheni, hazikupita dakika kumi goti likafumuka tena. Miaka miwili baadaye akafunga mabao 8 Kombe la Dunia. Habari tamu. Ila ile ilikuwa kano nyingine, na yule bwana kazi yake kutwa ilikuwa kupona, na alikuwa analipwa. Mimi nina vipindi na madaftari ya kusahihisha.

Mafuta ya kondoo nimepaka. Supu ya kongoro nimekunywa, tena tamu. Tusirefushe.

Linalonisumbua usiku ni kutojua. Jumatatu goti linakunja vizuri nasahau kabisa kwamba ni bovu, Jumatano limejaa maji na sikumbuki nililikosea nini. Fizio nikimwuliza nitacheza tena lini, ananiambia tuangalie nguvu za paja kwanza, ziwe karibu sawa na za mguu usioumia. Jibu la kweli, na linauma. Kuna siku sitaki hata kwenda.

Sasa mama mmoja mtaani kwetu anabadilishwa goti mwezi ujao na grupu limeshaundwa, mimi nimo. Niliandika kwa adabu zote kwamba theluthi ya hela itengwe kwa fizio na bajaji. Mweka hazina akajibu: "Tumalize kwanza la operesheni, mengine Mungu atajalia." Nikamwambia basi mchango wangu usihesabiwe humo, nitamlipa fizio mwenyewe kila mama atakapokwenda. Wapo walioniona nina roho mbaya. Sawa. Fizio nimeshaongea naye, na mama ameniambia nisiwajibu tena.