Nukta Tatu za Bibi wa Buscalan

Kinyozi wangu ana tatuu ya mtindo wa Kisamoa, wa visiwa vya Samoa huko Pasifiki, imeanzia begani ikashuka hadi karibu na kiganja. Picha aliipata kwenye simu, akampelekea mchoraji, wakapatana bei. Nilipomuuliza ile mistari inasema nini, alicheka: "Haisemi kitu braza, ni muonekano tu." Siku hiyohiyo mteja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu alituonyesha video ya bibi mmoja wa Ufilipino akiwachora watalii kwa mwiba. Akatikisa kichwa: "Huyu naye kageuza mila kuwa duka." Hakuna pale aliyemshangaa kinyozi. Lawama zote zilimwangukia bibi.

Bibi mwenyewe ni Whang-Od, wa kijiji cha Buscalan katika milima ya Kalinga, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Inasemekana alizaliwa 1917, na Aprili 2023 jarida la Vogue Philippines lilimweka jaladani akiwa na miaka 106. Kazi yake haina mashine. Mwiba wa mbalungi unapachikwa kwenye kijiti, unachovywa katika masizi yaliyokorogwa na maji, kisha unagongwa kwa kijiti kingine, tok tok tok, damu na wino vikitoka pamoja.

Wanaomlaumu wana hoja, tena si ndogo. Zamani michoro ya Kalinga haikuuzwa kwa mpita njia. Mwanamume alichorwa kifua baada ya kurudi vitani na kichwa cha adui, kwa hiyo kila aliyemwona alijua amefanya nini. Wanawake walichorwa mikono kwa ajili ya urembo na uzazi. Leo mtu anatoka Manila au Berlin, anapanda mlima, anashuka na mchoro wa tandu au wa magamba ya chatu mkononi bila hata kujua adui alikuwa nani. Halafu kuna suala la bibi mwenyewe. Oktoba 2017 alipelekwa Manila kuchora watu kwenye maonyesho ya biashara, na picha yake akiwa amesinzia mbele ya waandishi wa habari ikasambaa nchi nzima. Mzee wa umri ule! Ukiitazama picha hiyo huwezi kusema wanaolalamika wana wivu.

Ila kuna kitu ambacho walalamikaji wanakiruka, nacho ni zile nukta tatu. Kwa sababu ya umri, siku hizi michoro mikubwa amewaachia vijana, yeye anamalizia kwa nukta tatu tu. Watu wanazicheka. Umesafiri kwa gari zaidi ya saa 10, ukapanda mlima kwa miguu, ukapanga foleni, kwa ajili ya nukta tatu? Hata mtoto mwenye kalamu anaziweza. Sasa jiulize kwa nini ni nukta, wala si tandu. Nukta zile si alama ya shujaa. Ni sahihi yake, na huelezwa kuwa zinamwakilisha yeye pamoja na wajukuu wawili wa ndugu zake aliowafundisha, Grace Palicas na Elyang Wigan. Ndani yake hakuna vita wala kichwa cha mtu. Mgeni hapewi cheo ambacho hakukistahili, anapewa jina la aliyemchora. Ni kama risiti: nilifika, nikakaa mbele ya bibi huyu, akanigonga. Mimi sioni mila iliyouzwa hapo. Naona mwanamke aliyejua nini cha kumpa mgeni na nini cha kubaki nacho.

Ufundi wenyewe, kwa mila yao, haufundishwi nje ya damu. Wanaamini asiye wa ukoo akishika mwiba, kidonda kitaoza. Whang-Od alifundishwa na baba yake akiwa na miaka kama 15, naye hakujaliwa mtoto. Vita vya kukata vichwa vilishakoma, na mashujaa wa kuchorwa wakaisha pamoja navyo. Ufundi wa namna hiyo hufa wateja wakiwa wametangulia. Bila foleni ya watalii, ni kipi kingewafanya mabinti wa miaka ya 2000 wabaki mlimani wakigonga miiba badala ya kutafuta kazi mjini? Leo Buscalan ina vijana wengi wanaochora, na nyumba zinazolaza wageni.

Kwetu tuna mfano wa upande wa pili. Wazee wa Kimakonde, Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma, walichanjwa nembo usoni kwa kisu, kisha chale zikapakwa makaa. Baada ya uhuru, wakuu wa Msumbiji waliziona ni mambo ya kizamani, na huku kwetu shule na mji vilifanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Mtalii hakupanga foleni, na hakuna aliyelalamika kwamba nembo zimegeuzwa duka. Mtafute leo kijana wa miaka 20 mwenye nembo usoni.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wengi wao hutenganisha tā moko, michoro yenye nasaba ya mtu ndani yake, na kirituhi, michoro ambayo hata asiye Mmaori anaweza kuvaa. Wasamoa walibishana sana kuhusu Sulu'ape Paulo, fundi aliyefanya kazi Auckland, New Zealand, hadi kifo chake 1999, kwa kuwachora wageni pe'a, ile tatuu inayofunika mwili kutoka kiunoni hadi magotini. Angalau aliyewachora alikuwa Msamoa. Mwaka 2013 Nike ilichapa ruwaza za pe'a, mchoro wa wanaume, kwenye suruali za kubana za wanawake, ikaziondoa sokoni baada ya kelele. Pale hakukuwa na bibi wa kumwomba ruhusa wala wa kumlipa, na mkono wa kinyozi wangu uko upande huohuo.

Mahali ninapowaunga mkono walalamikaji ni kwenye ubao wa michoro. Mgeni akifika Buscalan huonyeshwa alama, akachagua inayompendeza kama anayechagua mtindo wa nywele, na nyingine zina uzito ambao nukta tatu hazina. Ningekuwa na sauti pale, ningeugawa ubao mara mbili. Lakini sauti hiyo ni ya Wakalinga, na Grace na Elyang ndio watakaobaki na mwiba mkononi.