Maabara ya hadubini ya elektroni: upime kiwanja kwanza, au ujenge kisha ujikinge?

Hadubini ya elektroni huona kwa mwale wa elektroni, na sumaku huupinda mwale huo. Kwa hadubini zenye ukali mkubwa, uga wa sumaku, yaani nguvu yake iliyoenea mahali, ukiyumba kwa mikrotesla 0.1 tu (mikrotesla ni kipimo cha uga), waweza kuzitia mawimbi kingo za picha. Uga wa dunia yenyewe ni kati ya mikrotesla 25 na 65, lakini haudhuru kitu kwa sababu umetulia. Kinachoyumba ndicho adui.

Wapo wanaosema: jengeni maabara karibu na watafiti, kisha mjikinge na uga huo. Hoja yao si nyepesi. Maabara iliyo mbali na watu wake hukaa tupu, na bamba nene za alumini hupunguza vizuri uga wa nyaya za umeme wa hezi 50. Ila lifti inayopanda, lori linalopita na treni ya mkondo mnyoofu (umeme usiogeuza mwelekeo) hubadilisha uga polepole mno, na alumini haizuii badiliko la namna hiyo. Hapo utahitaji aloi ya nikeli na chuma, ambayo ni ghali, au koili, yaani nyaya zilizozungushwa, zinazozalisha uga kinzani. Koili nazo hufanya kazi vizuri zaidi pale sensa (kifaa kinachohisi uga) ilipo. Mashine ya pili, iliyo kwenye ukuta wa pili, haipati nafuu ileile.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kupima kwanza, mradi iwe kupima kweli. Kifaa cha mkononi kinachosoma hezi 50 pekee, mchana mmoja, hakitaiona treni kamwe. Sensa iwekwe saa 24 au zaidi, siku ya kazi, ikisoma uga katika mielekeo yote mitatu: juu-chini, kushoto-kulia na mbele-nyuma.

Umbali nao hudanganya. Ukiuzidisha mara mbili, uga wa transfoma hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Lakini mkondo wa umeme uliopotea njia, ukarudi kwa bomba la maji badala ya waya wa nyutro (waya wa kuurudisha umeme), uga wake hushuka nusu tu. Kuhamisha chumba hakutoshi. Fundi aurekebishe waya.

Na kiwanja kizuri hakibaki kizuri. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilikwenda mahakamani kuhusu reli iliyopangwa kupita kando ya maabara zake. Maafikiano yalipatikana 2010, na treni zikaanza 2014. Ripoti ya vipimo isiyoonyesha reli, nyaya na transfoma zinazopangwa kwa majirani, mimi nisingeitia sahihi.