Askari Hachagui Kambi: Mzozo wa Nauli Uliotikisa Pentagon

Mara 12. Kwa takwimu za Pentagon yenyewe, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, hivyo ndivyo sera ya kuwalipia wanajeshi wa Marekani na familia zao safari za huduma za afya ya uzazi ilivyotumika kati ya Juni na Desemba 2023. Gharama yote haikufika dola 45,000. Sera hiyo haikuhusu utoaji mimba peke yake, iliwahusu pia wanaosafiri kwenda kupandikizwa mimba, kwa hiyo hata hizo 12 haziwezi kuhesabiwa zote upande mmoja.

Kwa ajili ya safari hizo, seneta mmoja alizuia vyeo vya maofisa zaidi ya 400 kwa karibu mwaka mzima. Ukiangalia hesabu hizo mbili kwa pamoja utashawishika kucheka, lakini hoja iliyokuwa chini yake haikuwa ya kuchekesha.

Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyokuwapo tangu 1973, ikaziachia majimbo yaamue. Raia wa Texas asiyependa sheria za Texas anaweza, akijaliwa uwezo, kuhamia kwingine. Askari hana hilo. Anapangiwa kituo, anafungasha mabegi. Kuruta wa Jeshi la Anga, awe ametoka California au New York, mafunzo yake ya awali anayafanya kambi ya Lackland, San Antonio, huko huko Texas, na kutoka hapo hadi jimbo linaloruhusu huduma hiyo ni kushinda barabarani kutwa nzima. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria mwaka huo kwamba asilimia 40 hivi ya wanajeshi wanawake walio kazini ndani ya Marekani wako kwenye vituo ambako huduma hiyo haipatikani au inapatikana kwa taabu kubwa.

Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Lloyd Austin, akatoa waraka Oktoba 2022, na kanuni zake zikatoka Februari 2023. Askari angepewa hadi siku 21 za kutokuwepo kazini bila kukatwa likizo, nauli na posho ya safari, na muda wa hadi wiki 20 kabla ya kulazimika kumwarifu kamanda wake kwamba ni mjamzito. Matibabu yenyewe angejilipia mfukoni.

Wengi waliishia kubishania nauli. Mimi naona kipengele kizito zaidi ni hicho cha wiki 20 kabla ya kumwarifu kamanda. Jeshini ruhusa haichukuliwi, inaombwa, na anayeombwa ndiye anayekuandikia ripoti ya utendaji. Binti wa miaka 19 akisimama mbele ya sajini wake kueleza kwa nini anataka wiki moja, kambi nzima itajua kabla ya chakula cha jioni. Ndugu zetu wenye watoto waliojiunga na jeshi la huko wanaijua hali hiyo vizuri kuliko wachambuzi wa Washington.

Lakini wapinzani nao walikuwa na hoja, tena si ya dini peke yake. Sheria ya Marekani inakataza fedha za Wizara ya Ulinzi kutumika kutoa mimba, isipokuwa maisha ya mama yakiwa hatarini, au mimba ikitokana na ubakaji au kujamiiana kwa maharimu. Wanasheria wa serikali walijibu kwamba sheria inazungumzia fedha za kufanya kitendo hicho, na nauli si kitendo. Kisheria jibu hilo linasimama. Kisiasa linachechemea. Bunge lilipotunga katazo lile lilikuwa na nia, na nia hiyo haikuwa kwamba serikali iliyofunga mlango wa mbele ikupe teksi ikupeleke mlango wa nyuma. Anayeamini kwamba kilichomo tumboni ni mtu haoni tofauti kati ya kulipia upasuaji na kulipia tiketi, na kumwambia gharama ni ndogo hakumjibu chochote.

Aliyeibeba hoja hiyo alikuwa Tommy Tuberville, seneta wa Republican kutoka Alabama, aliyekuwa kocha wa kandanda ya Kimarekani. Vyeo vya majenerali na maadmirali huthibitishwa na Seneti kwa mafungu, kwa ridhaa ya wote. Mmoja akisema hapana, inabidi wapigiwe kura jina kwa jina. Yeye akasema hapana, akaendelea kusema hapana. Julai 2023 kikosi cha Marini kikabaki bila mkuu aliyethibitishwa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa zaidi ya karne moja. Kufikia katikati ya Agosti na jeshi la nchi kavu na la majini yakawa katika hali hiyo hiyo. Ugomvi wake ulikuwa na waziri, kipigo kikawaangukia maofisa ambao hawakuandika hata mstari mmoja wa sera ile. Novemba, maseneta wa chama chake mwenyewe, akiwemo Dan Sullivan wa Alaska na Joni Ernst wa Iowa, wote waliowahi kuvaa sare, walisimama ukumbini kwa saa kadhaa wakimsomea jina baada ya jina la maofisa aliowazuia. Desemba akaachia. Sera ikabaki palepale.

Kuna jambo moja la zamani ambalo pande zote mbili hazilipendi. Mwaka 1970 Kapteni Susan Struck, muuguzi wa Jeshi la Anga aliyekuwa Vietnam, alipata ujauzito. Kanuni za wakati ule zilimpa njia mbili, atoe mimba abaki, au aizae afukuzwe. Hospitali za jeshi zilikuwa tayari kumhudumia akichagua ya kwanza. Struck alikuwa Mkatoliki, akakataa zote mbili, akaenda mahakamani akitetewa na Ruth Bader Ginsburg, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Mwaka 1972, mahakama hiyo ilipokwisha kukubali kumsikiliza, jeshi likaamua ghafla kumwacha kazini, na kesi ikafa. Kwa hiyo jeshi halikuingia kwenye uzazi wa askari wake mwaka 2022. Limekuwamo siku zote, linabadilisha upande tu.

Kosa la Austin, kwa maoni yangu, lilikuwa kutumia waraka. Haja aliyoiona ilikuwa ya kweli, ila kilichoandikwa na waziri hufutwa na waziri. Baraza la Wawakilishi lilijaribu kuifuta sera hiyo kwa kura 221 dhidi ya 213, kipengele hicho kikaondolewa kwenye sheria ya mwisho, na hapo ndipo Bunge lilipoishia. Januari 2025 Donald Trump alirudi Ikulu, na kabla mwezi haujaisha wizara ikaifuta nauli ile kwa karatasi moja.

Siku chache baadaye ikatoka karatasi nyingine. Wanaosafiri kwenda kupandikizwa mimba warudishiwe nauli zao.