Kinanda kisiwe imamu wa taarab

Kila ikizungumzwa taarab ya siku hizi hapa Unguja, lawama huangukia mipasho. Mimi mipasho hainikeri. Kinachonikera ni mpiga udi kumgeukia mpiga kinanda cha umeme ampe sauti ya kila uzi, mmoja baada ya mwingine.

Chukua uzi wa udi wenye sentimita 60. Ubane katikati, sauti inapanda oktava nzima, yaani mitetemo inakuwa maradufu: 2 kwa 1. Acha zilie sentimita 40, ni 3 kwa 2. Acha 48, ni 5 kwa 4, na kwa sikio langu hapo ndipo penye asali. Ni namba nzima, tena ndogo, ndiyo maana mitetemo ya sauti mbili hukutana kila mara na zikatulia pamoja.

Kinanda kimeikata oktava mafungu 12 yaliyo sawa, ili wimbo uweze kuanzia popote. Ukipiga sauti ya mitetemo 440 kwa sekunde, mwenzake wa 3 kwa 2 ni 660. Kinanda kinatoa 659.3. Hilo nalisamehe. Wa 5 kwa 4 ni 550, nacho kinakupa 554.4! Zipige pamoja kwa sauti ya kuvuta: zinagombana, mawimbi yanapigana mara 17 hivi kila sekunde.

Na Rast je, ile maqamu (ngazi ya sauti) ya Kiarabu? Sauti yake ya tatu haimo kabisa katika yale mafungu 12. Al-Farabi, mwanafalsafa aliyeandika juu ya muziki na kufariki mwaka 950, aliiandika sauti ya namna hiyo kwa 27 kwa 22, akiinasibisha na Zalzal, mpiga udi wa Baghdad. Namba si ndogo tena, lakini kidole kinaifikia, maana shingo ya udi haina vizuizi kama vya gitaa, wala ya fidla.

Najua nitaambiwa akodiani nayo ina sauti zisizosogea, na imo katika taarab miaka mingi. Kweli, ila haikuwa ikiwalinganisha wengine. Basi udi upewe sauti moja tu ya kuanzia, nyuzi nyingine zipandishwe kwa sikio, 4 kwa 3, fidla na ganuni zifuate. Mpiga kinanda aje mwisho, na penye Rast akiwa hana kitufe cha kushusha robo toni, aiache sauti hiyo waipige wenye nyuzi.